Brashi za Kunyolea za Mkono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaotaka Kutengeneza na Kuuza

Majibu haya ni ya fundi mdogo: mwenye meza moja, mashine moja ya kukereza, na nia ya kuwauzia watu ambao tayari wana brashi tano nyumbani na bado wanaitafuta ya sita. Wateja wa aina hiyo wanajua mengi na huuliza sana. Afadhali uwe umejiuliza kabla yao.

Nani hasa hununua brashi ya mkono?

Siyo anayenyoa ili awahi kazini. Huyo ana povu la kopo na wembe wa kutupa, na wala hajakosea. Mteja wako ni yule aliyerudi kwenye sabuni ya bakuli na wembe wa makali mawili kwa sababu anaifurahia shughuli yenyewe. Anajua anataka kishungi cha milimita ngapi, cha nywele zipi, kigumu au laini. Kusubiri miezi kadhaa anaweza. Kudanganywa ndiko asikokubali, na habari za fundi mwongo huwafikia wenzake upesi.

Kishungi ni kitu gani, na brashi ina sehemu ngapi?

Mbili tu. Kuna mpini, na kuna kishungi, yaani fungu la nywele lililofungwa na kugandishwa kwa gundi upande wa chini. Sehemu hiyo ngumu ya chini ndiyo kitako, nayo huzama ndani ya shimo la mpini. Nywele zinazobaki nje, kutoka ukingo wa mpini hadi nchani, tuziite urefu wa nje.

Vipimo vinavyopendwa: kipenyo cha kishungi mm 22 hadi 28, urefu wa nje mm 45 hadi 55, na brashi nzima mm 100 hadi 120 ikisimama. Wapo wanaotaka mm 30 na zaidi. Wauzie, lakini usiweke akiba kubwa.

Nikianza, fedha yangu niiweke wapi?

Kwenye kishungi. Wanaoanza karibu wote hufanya kinyume: wananunua rezini (plastiki ya kimiminika inayogandishwa) za rangi zote na mashine ya bei kubwa, kisha wanabandika kishungi cha bei ya chini kabisa walichokiona. Ni kweli kwamba mpini ndio unaoonekana pichani na ndio unaomfanya mtu anunue mara ya kwanza. Lakini kinachomgusa usoni kila asubuhi ni nywele, na uamuzi wa kurudi kwako au kutorudi unafanyika hapo. Mpini wa kawaida wenye kishungi kizuri utapata mteja wa kudumu. Mpini wa ajabu wenye kishungi kibovu utaishia kabatini, au mwenyewe ataking'oa kishungi chako na kuweka kingine, halafu aseme hivyo hadharani.

Ni lazima nifunge kishungi mwenyewe?

Hapana. Mafundi wengi wadogo hununua vishungi vilivyokwisha kufungwa, vingi vikitoka China, ambako ndiko nywele na mikono yenye uzoefu viliko. Hakuna aibu yoyote katika hilo, mradi usiseme umekifunga wewe. Wapenzi wa brashi wanawajua wauzaji wa vishungi kwa sura ya kazi zao, na bei zao zinaonekana na kila mtu.

Kufunga mwenyewe ni ufundi mwingine kabisa. Nywele hupimwa kwa gramu, kwa sababu tofauti ndogo ya uzito hubadilisha msongamano wote. Kisha hutiwa kwenye kikombe maalumu chenye sakafu iliyochimbwa kwa umbo unalolitaka kishungi kiwe nalo, ncha zikiangalia chini, na kikombe hugongwagongwa mezani hadi kila ncha ifike sakafuni. Baada ya hapo nywele hukazwa kwa uzi upande wa juu, hutolewa, husawazishwa kwa vidole na kitana, na kitako hutiwa gundi. Umbo la kuba au la feni linatokana na kikombe, siyo na mkasi.

Hilo la mkasi lina uzito wake. Ncha ya asili ya unywele wa mnyama huwa nyembamba, na wembamba huo ndio ulaini. Kishungi kilichokatwa nchani ili kionekane nadhifu hukwaruza uso, na hakuna sabuni itakayokirekebisha. Ukinunua kishungi, kitazame kwa kioo cha kukuzia: ncha zilizokatwa huonekana bapa mara moja.

Nywele zipi ni bora?

Swali hili limezua ugomvi mwingi kuliko linavyostahili. Kila aina ina tabia yake.

Melesi, mnyama wa ukoo wa nyegere aishiye Ulaya na Asia, ndiye mwenye sifa kubwa. Nywele zake hubeba maji mengi, zina ncha laini, na zina ule mkanda mweusi katikati ambao kila mtu huuona kama alama ya brashi ya kifahari. Uingereza analindwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa hiyo hata viwanda vya zamani vya huko hutegemea nywele kutoka China. Namna wanyama hao wanavyopatikana imelalamikiwa sana, na utaulizwa. Jiandae kujibu bila kuzungukazunguka.

Nguruwe ana nywele nene na ngumu. Mpya huchoma kidogo, lakini kadiri inavyotumika ncha zake hupasuka na kuwa matawi membamba, na baada ya wiki kadhaa brashi inakuwa laini juu na kakamavu chini. Lazima iloweshwe dakika chache kabla ya kutumika. Wapo wanaoipenda kuliko melesi wa bei yoyote, na simlaumu hata mmoja wao. Jambo moja usilisahau: Waislamu na wengine wengi hawatumii kitu cha nguruwe, kwa hiyo aina ya nywele iandikwe waziwazi kwenye kila tangazo. Zaidi ya hayo, kuna vishungi vya nguruwe vilivyopakwa rangi ili vifanane na melesi. Rangi hiyo ikianza kutoka kwenye povu la mteja, umekwisha.

Singa za farasi hutoka mkiani na shingoni, na huweza kukatwa bila kumdhuru mnyama. Wanaotaka nywele za asili lakini hawataki kifo cha mnyama huja hapa. Utumikaji wake uko katikati ya nguruwe na melesi.

Sintetiki ndiyo iliyobadilika zaidi. Nailoni ilibuniwa mwaka 1935, na miongoni mwa bidhaa zake za kwanza sokoni mwaka 1938 ilikuwa miswaki. Lakini kwa miongo mingi brashi za kunyolea za nailoni zilikuwa ngumu na zisizopendeza. Nyuzi za sasa hupunguzwa nchani kwa kemikali hadi ziwe nyembamba sana, hazihitaji kuloweshwa, hukauka haraka na hazina harufu. Kwa anayeanza kuuza, nashauri aanze nazo: vishungi vyake hulingana kimoja na kingine, bei yake ni ndogo, na hakuna swali la mnyama wala la forodha.

Madaraja ya melesi yanamaanisha nini?

Utaona majina: safi, bora, bora zaidi, ncha za fedha, mikanda miwili. Hakuna kanuni moja ya kimataifa inayoyasimamia, kwa hiyo daraja la muuzaji mmoja si daraja la mwingine. Kwa jumla, kadiri daraja linavyopanda ndivyo ncha zinavyokuwa nyeupe na laini zaidi. "Mikanda miwili" husemwa pale jicho linapoona weusi chini na weupe juu tu. Mara nyingi nywele hizo ni nene na zina ukakamavu zaidi. Badala ya kuegemea jina, agiza vishungi viwili vitatu, vitumie mwenyewe, kisha eleza ulichokihisi kwa maneno yako.

Nimesikia brashi za manyoya ziliwahi kuua watu. Ni kweli?

Ni kweli, na ugonjwa wenyewe ni kimeta. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza njia za biashara zilivurugika, na badala ya melesi na nguruwe ikaingia sokoni singa ya farasi ya bei rahisi kutoka Asia, nyingine ikiwa imepakwa rangi ili ionekane kama melesi. Sehemu ya singa hiyo haikusafishwa vizuri. Askari na raia wa Uingereza na Marekani waliojikata kidogo wakinyoa wakapata vidonda vya kimeta usoni na shingoni, na baadhi walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani. Ndiyo maana kwenye brashi nyingi za Marekani za zama zilizofuata utakuta muhuri unaosema kwamba zimeuliwa vijidudu.

Linakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, usinunue nywele mbichi kutoka kwa mtu usiyejua amezitoaje na amezisafishaje. Sabuni na maji ya moto ya jikoni haviui mbegu za kimeta. Nunua kwa msindikaji anayefanya kazi hiyo kibiashara. Pili, ukifufua brashi za zamani hizo, okoa mpini na usitumie tena kishungi. Kiloweshe kabla ya kukikata, vaa glavu na barakoa nzuri, usikitoboe kikiwa kikavu na kurusha vumbi. Mbegu hizo hukaa miongo mingi zikiwa hai.

Shimo la mpini liwe na kina gani?

Hapa ndipo brashi hupatikana au huharibika, kwa hiyo vumilia maelezo marefu.

Chukua kishungi chenye kipenyo cha mm 26 na urefu wa mm 66 kutoka chini ya kitako hadi nchani. Ukitoboa shimo la mm 14, nywele zitabaki nje mm 52. Ukiongeza kina kwa mm 3, zitabaki 49, na brashi ileile itakuwa kakamavu zaidi, itafunguka kidogo ukiikandamiza usoni, na itashika maji pungufu. Ukipunguza kina, italegea na kutandaa. Mtumiaji mzoefu huhisi tofauti ya milimita mbili.

Pa kuanzia ni urefu wa nje ulio karibu mara mbili ya kipenyo. Kutoka hapo sogea kufuatana na nywele. Melesi mnene huvumilia kuzamishwa zaidi. Nguruwe hutaka kuachwa mrefu, kwani ugumu wake anao tayari. Sintetiki ikizamishwa mno hurudi kwa nguvu kama springi na kurusha povu kwenye kioo.

Lakini usizamishe hadi kitako kipotee kabisa na nywele zenyewe zibanwe na kuta za shimo. Zikibanwa, kishungi hakichanui, na katikati hujitokeza uwazi ambao sabuni hujificha humo. Pia usiuache ukingo wa shimo ukiwa mkali: upige msasa kidogo uwe wa mviringo, la sivyo utazikata nywele za nje taratibu kila brashi inapozungushwa.

Kabla ya kutia gundi, fanya jaribio la maji. Zungushia kitako utepe kidogo ili kikae bila kucheza, kiweke shimoni, kiloweshe, piga povu la kweli na ujipake. Kikionekana kirefu, chimba tena. Kikionekana kifupi, weka washa (kipete bapa) nyembamba chini. Baada ya gundi hakuna mjadala.

Kipenyo cha shimo je?

Kizidi kitako kwa nusu milimita hivi. Vitako si vya duara kamili na vipimo vinavyoandikwa na wauzaji hupotoka, kwa hiyo pima kwa vernia, kile kifaa cha kupimia vipenyo, sehemu mbili tatu. Nunua vishungi kwanza, ndipo ununue biti, yaani ncha ya kutobolea. Biti za Forstner hutoa shimo safi lenye sakafu bapa. Kwenye akriliki na rezini nenda polepole na uitoe mara kwa mara, maana joto huyeyusha plastiki na kuharibu kuta.

Gundi gani?

Epoksi ya sehemu mbili. Ile inayokauka kwa dakika 30 ni bora kuliko ya dakika 5 kwa sababu inakupa muda wa kunyoosha kishungi. Wengine hutumia silikoni ili kishungi kiweze kutolewa baadaye. Inafaa kwa majaribio na kwa wateja wanaopenda kubadilishabadilisha.

Tatizo linalowashangaza wengi ni kishungi kupanda chenyewe usiku. Hewa imenaswa chini na inakisukuma. Chora mfereji mdogo wa wima kwa tupa ubavuni mwa kitako, au toboa kijitundu sakafuni mwa shimo, nayo hewa itapata pa kutokea. Gundi iwe kidogo. Ikifurika hupanda kwenye nywele, na hapo umepoteza kishungi.

Mbao inafaa kwa kitu kinachoishi kwenye maji?

Inafaa ikiandaliwa. Kuna njia tatu: kuchagua mbao nzito yenye mafuta yake, kuifunika kwa vanishi au gundi ya supa kwa tabaka nyingi, au kuijaza rezini ndani.

Kujaza rezini hufanyika kwa pampu ya kuondoa hewa. Mbao hukaushwa kwanza kwenye oveni hadi isibaki na unyevu, huzamishwa kwenye rezini maalumu ndani ya chombo kisicho na hewa mpaka viputo vikome, huachwa ikae humo ipate kunyonya, kisha hupashwa joto la nyuzi 90 hivi za Selsiasi hadi rezini igande. Hata mbao iliyoanza kuoza na kuwa na michoro mizuri hugeuka kuwa kitu kigumu cha kukerezeka. Ukiruka hatua ya kukausha, rezini haitaingia, na utagundua ukiwa umeshakereza.

Mpingo ni wa kundi la kwanza. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, hukubali mng'aro bila vanishi, na kwenye mkono ulioloa hautelezi kama plastiki. Hata hivyo, jenasi yake yote, Dalbergia, imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017. Tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zinasamehewa vibali iwapo mbao ya aina husika haizidi kilo 10 kwa shehena, kwa hiyo brashi moja ya mpingo inapita. Vipande ghafi havina msamaha huo. Na Dalbergia nigra ya Brazili iko kwenye ulinzi wa juu kabisa tangu 1992, kwa hiyo achana nayo. Pembe za ndovu usizitaje hata kwa mzaha. Rezini zenye mistari ya kufanana nazo zipo na zinapendeza.

Rezini yangu imejaa viputo. Nifanyeje?

Imwage kwenye kalibu na uifungie ndani ya mtungi wa mgandamizo kwa shinikizo la psi 40 hadi 60 mpaka igande. Viputo haviondoki, hubanwa hadi visionekane. Tumia mtungi uliotengenezwa kuhimili shinikizo hilo, wala si sufuria ya kupikia iliyobadilishwa matumizi. Mtungi ukipasuka ni bomu.

Ninahitaji mashine kubwa ya kukereza?

Ndogo ya mezani inatosha, kwa sababu mpini hauzidi mm 70 kwa urefu na mm 50 kwa unene. Cha maana ni patasi kali na namna ya kukishika kipande bila kukitia kovu. Mafundi wengi hutoboa shimo la kishungi kwanza, kisha hulitumia shimo hilohilo kukishikia kipande wakati wa kukereza nje. Hivyo shimo na mwili huwa na kiini kimoja, na kishungi hakisimami upande.

Anza kwa mwendo mdogo mpaka kipande kiwe duara, ndipo uongeze. Usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia karibu na kitu kinachozunguka.

Na vumbi?

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Mbao za jamii ya mpingo huwasha ngozi za baadhi ya watu, epoksi mbichi inaweza kukuletea mzio usiopona, na rezini ya poliesta hutoa mvuke mkali. Fungua madirisha, tumia kinyonya vumbi, vaa barakoa yenye kichujio. Hapa sina utani.

Nitapataje mng'aro kama wa kioo?

Kwa subira. Msasa kuanzia namba 240 au 320, kupanda bila kuruka, kisha msasa wa maji hadi namba za juu kabisa, mwisho dawa ya kung'arishia. Mkwaruzo unaouona kwenye namba 2000 uliachwa kwenye 400. Rudi huko.

Umbo gani la mpini huuzika?

Lenye kiuno pa kushikia vidole vitatu, tako pana la kusimamia, na bega lisiloteleza. Uzito wa tako uzidi wa kishungi kilicholoa, vinginevyo brashi itaanguka sinkini. Kabla ya kuupenda mchoro wako, paka mikono sabuni ukashike mpini. Maumbo mengi yanayopendeza pichani hushindwa mtihani huo, hasa yale yenye pembe kali na yale yaliyo laini kama yai.

Ninaweza kunakili umbo la kiwanda maarufu?

Maumbo mengi ya zamani yamekuwa mali ya wote kwa mazoea, na viwanda kama Simpsons, kilichoanza 1919, vimeigwa mara nyingi. Majina na nembo ni jambo jingine. Yana wenyewe na yanalindwa. Tengeneza umbo la kuelekea huko ukitaka, lakini lipe jina lako. Binafsi naona fundi anayeanza na nakala mbili tatu hujifunza haraka kwa nini wazee walichagua mikunjo ile, na baadaye huacha mwenyewe.

Brashi mpya inanuka mnyama. Ni mbovu?

Si mbovu. Melesi na nguruwe hunuka mwanzoni, wakati mwingine vikali. Ioshe kwa sabuni, iache na povu ndani usiku mzima, suuza, rudia. Ni adabu njema kufanya raundi ya kwanza wewe mwenyewe kabla ya kuuza, ila ikauke kabisa kabla ya kufungashwa. Mwambie mteja kuwa harufu kidogo itabaki kwa wiki moja au mbili.

Nywele zinapukutika. Mteja analalamika.

Nywele chache katika wiki za kwanza ni kawaida: ni zile ambazo gundi haikuzifikia. Zikiendelea kutoka kila siku baada ya hapo, kitako kina kasoro, na unapaswa kubadilisha kishungi bila kubishana. Uliza pia kama anaikandamiza na kuizungusha kwa nguvu kwenye bakuli au anaikamua kwa kuivuta. Hayo huvunja nywele; na nywele iliyovunjika ni fupi, iliyong'oka ni ndefu. Mwombe picha utajua.

Nipangeje bei?

Jumlisha kishungi, kipande cha mpini, gundi, msasa, ada za malipo, kifungashio, na sehemu ya vipande vilivyopasuka mashineni, maana vitapasuka. Kisha weka saa zako kwa ujira ambao ungekubali kumlipa mtu mwingine. Mkereza anayeanza mara nyingi hufuta saa zake ili bei ionekane ndogo, halafu baada ya brashi ya ishirini anachoka na kuacha. Wateja hawa hawatafuti bei ya chini. Wanaweza kuhesabu gharama ya kishungi chako kwa dakika moja, na hawachukii ulipwe kwa mpini.

Bei ikishajulikana ni vigumu kuipandisha kwa kazi ileile. Kwa hiyo usianzie chini kwa woga.

Tangazo liseme nini?

Kipenyo cha kishungi, urefu wa nje baada ya kugundishwa, urefu wa jumla, uzito, aina ya nywele, kishungi kimefungwa na nani au kimenunuliwa, mpini ni wa nini na umemalizwa kwa nini. Picha ya juu, ya ubavu, ya chini, na moja ikiwa imeloa. Kama kuna kikasoro, kipige picha ya karibu. Maneno kama "laini ajabu" hayamsaidii mtu. "Inachoma kidogo siku za kwanza, kisha inatulia" yanamsaidia.

Nipokee oda maalumu?

Pokea chache, kwa maandishi, na malipo ya awali yasiyorejeshwa mara kipande kikishakatwa. Mteja anayesema "nifanyie chochote unachoona kizuri" ndiye atakayesema baadaye kwamba hicho sicho alichowaza; mtumie michoro mitatu achague. Njia nyepesi zaidi ni kutengeneza fungu dogo, kulitangaza siku moja, likiisha limeisha.

Kutuma nje ya nchi kuna mtego gani?

Nywele za wanyama. Baadhi ya nchi hutaka maelezo ya asili yake, na afisa wa forodha anaweza kuzuia kifurushi kilichoandikwa "brashi" tu. Kwenye mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, brashi za kunyolea zimo chini ya namba 9603.29. Iandike, na utaje aina ya nywele na ya mbao. Thamani andika ya kweli hata mteja akiomba upunguze. Kishungi kivishwe neli ya plastiki yenye matundu, kamwe kisifungwe kikiwa na unyevu: wiki tatu njiani ndani ya nailoni zinatosha kuotesha ukungu.

Nirudishiwe brashi iliyokwisha kutumika?

Kama ni kasoro ya kazi yako, ndiyo, itengeneze. Kama mtu ameibadilia mawazo baada ya kuilowesha, hapana. Imegusa uso wa mtu na huwezi kuiuza tena kwa haki. Andika sharti hilo mapema, juu ya kitufe cha kununulia.

Kishungi kimeng'oka kizima kutoka kwenye mpini. Ndiyo mwisho?

Wala. Kwangua gundi ya zamani kwenye kitako na kwenye shimo, kwaruza kuta kwa msasa ili gundi ishike, futa kwa spiriti, tia epoksi mpya. Kama kishungi ndicho kilichochakaa na mpini mteja anaupenda, kata nywele karibu na ukingo, toboa kilichobaki kwa biti ndogo kidogo kuliko shimo, malizia kwa patasi, kisha weka kipya chenye kitako cha kipimo kilekile. Toza kishungi na muda wako tu, na kabla hujaanza mwulize kama angependa kiwekwe juu kidogo au chini kidogo kuliko kile cha kwanza. Akishakitumia mwaka mzima, jibu analo.